Askofu Aliyelipa Bei ya Kwanza

Jambo lile lilitugharimu injini moja ya boti, meno mawili ya shemeji yangu, na usingizi wa dada yangu Yustina, ambao haukurudi mpaka siku tulipomzika. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jibu ni lilelile. Sokoni Kashikishi wananiita Mama Mara-Mbili. Wanadhani ni uchoyo, nami siwasahihishi, kwa sababu sokoni uchoyo unaheshimiwa kuliko woga. Tabia hii niliipata mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa kununua samaki huku na kuuza ng'ambo ya ziwa. Niligundua kwamba mtu anayehesabu vikapu hawezi wakati huohuo kusikia moyo wake unavyopiga.

Wiki iliyopita katekista wetu alikuja kibandani kwangu na karatasi ya tangazo. Monsenyeri Kasiani amefariki, atazikwa kwao ng'ambo. Akanisomea maisha yake, yaliyoandikwa kwa herufi nzuri na picha juu: alizaliwa kando ya ziwa, aliingia seminari akiwa mtoto, alipata upadri, alifundisha Kilatini, aliwekwa kuwa Askofu Msaidizi, akabaki msaidizi chini ya maaskofu watatu hadi uzee ulipompumzisha. Kwa asiyejua, askofu msaidizi ni kama kasia lililolazwa chini ya boti yenye injini. Linakwenda kila mahali, linakanyagwa na kila mtu, na siku injini ikizima ndipo wanauliza liko wapi. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali mpaka katekista akafika kwenye mwaka wetu. Palikuwa na mstari mmoja: mwaka huo alikuwa mgonjwa, akapumzika Zambia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mgonjwa.

Mwaka ule ng'ambo nchi ilikuwa imebadilishwa jina, na watu nao wakaamriwa wabadilishe yao. Majina ya ubatizo yakawa marufuku. Padri aliyemwagia mtoto maji na kumwita Petro alijua gereza linamngoja. Sisi wachuuzi tulizoea upesi. Huku Nchelenge, upande wa Zambia, nilikuwa Felista, boti ikigusa mchanga wa ng'ambo nilikuwa Kyungu, na katikati ya maji sikuwa mtu yeyote, ndiyo maana nilipapenda pale. Monsenyeri hakuwa na akili hiyo. Mke wa mkubwa mmoja wa serikali alimwomba kwa siri ambatizie mtoto aliyekuwa anakufa, naye akambatiza Ignasi, kwa sauti ya kanisani, kana kwamba kuta hazina masikio. Mtoto akapona. Laiti angekufa, Mungu anisamehe, jina lingezikwa naye. Mtoto alipopona, mtu mmoja nyumbani akamwita Ignasi mbele ya baba yake, yule mkubwa, na siku ya pili askari walikuwa wanamtafuta askofu.

Ba Chola, mume wa dada yangu, ndiye aliyemvusha, amelala chini ya turubai kati ya vikapu. Misheni haikuwa mbali na kwetu, lakini yeyote aliyetumwa kumtafuta angeanzia misheni. Hakuna aliyetumwa kutafuta askofu kwenye ghala ya samaki. Ghala yetu ilikuwa chumba cha nyuma, matofali mabichi, bila dirisha, magunia ya chisense yamepangwa hadi juu, wale samaki wadogo kama ukucha ambao harufu yao huingia hata kwenye ndoto. Tulimtandikia juu ya magunia. Alikuwa mrefu, miguu ikatokeza nje ya mkeka, na suruali ya Ba Chola ilimwishia katikati ya goko. Pete yake ya uaskofu aliivua siku ileile na dada akaishonea ndani ya pindo la kitenge chake mwenyewe. Lakini kidole kilibaki na alama, mduara wa ngozi nyepesi ambayo miaka mingi haikuona jua, unaoonekana kama taa. Kila asubuhi Yustina aliupaka masizi ya sufuria na mafuta ya samaki. Alikuwa anapiga magoti akifanya hivyo, na sikujua kama ni kwa ajili ya masizi au kwa ajili ya askofu.

Alikula tulichokula, bukari na katapa, yaani ugali na majani ya muhogo, na Ijumaa bila hata pale, samaki wetu wa kila siku, ingawa tulikuwa tumezungukwa na samaki na Kanisa halikatazi samaki. Alisema anajinyima kidogo. Nikafikiri huyu mtu hajui hata kujinyima. Anayejinyima anaanza na kitu cha bei kubwa. Kabla ya kula, mkono wake chini ya meza ulikuwa unachora msalaba mdogo juu ya goti. Dada aliuona, akamwambia kwa heshima kwamba mkono ule utatuua wote. Akaomba msamaha. Siku ya pili ukachora tena. Mkono ulikuwa umefanya kazi ile miaka mingi, haukuwa unamuuliza mwenyewe.

Usiku haukuwa mbaya sana. Mbaya ulikuwa mchana. Mchana muuza betri mmoja alikuwa anatandaza karatasi yake mbele ya nyumba yetu. Alikuwa kijana wa ng'ambo, kofia ya majani, tabasamu zuri, betri zake zimesimama mstari kama askari. Niliwasikia Yustina na mumewe wakizungumza jikoni, wakidhani sufuria inafunika sauti zao.

"Ule wa mapile anarudia tena hapa," dada alisema.

"Anauza, mama. Watu wanatafuta betri za redio."

"Anauza kwa nani, Ba Chola? Tangu juzi hakuna mutu nimeona ananunua. Mutu hauzi kitu, na haondoke. Alors, anakulaka nini? Nani anamulisha?"

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Kutoka siku ile dada yangu akaacha kulala. Alikaa ameegemea mlango wa ghala na mtu akipita njiani alishika pindo la kitenge chake penye pete. Mimi nikaanza kuhesabu magunia. Nikimaliza, naanza upya.

Kwaresima ilipofika katikati, Monsenyeri akaniita. Alizungumza nami kuliko wengine kwa sababu mimi nilikuwa navuka. Akanieleza kwamba kila mwaka kabla ya Pasaka mafuta lazima yabarikiwe: ya wagonjwa, ya wanaobatizwa, na krisma, ile ya kipaimara na ya kuwapaka mikono mapadri wapya. Padri hawezi kuibariki krisma, hata awe mzee namna gani, hata awe mtakatifu. Ni askofu peke yake. Na askofu wa jimbo, muzungu mzee, alikuwa kitandani Ulaya, hajui kama atasimama. Alibaki msaidizi, naye alikuwa amekaa juu ya chisense wetu.

"Bakikosa mafuta mwaka huu," akasema, "bale bakubwa watakuwa wameshinda, na hawakufunga hata mutu mumoja. Minarudia kule, Felista. Unipeleke."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mara mbili. Dada alilia, akasema tumemficha ili aishi, si ili tumrudishe kama mzigo uliokataliwa. Alisikiliza yote, akatushukuru, akauliza boti inaondoka lini. Baadaye nilikuja kufikiri kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukishusha bei.

Mafuta yenyewe yalitakiwa yawe ya zeituni. Nchelenge nzima hakuna aliyewahi kuona zeituni, ila maduka yaliuza chupa ndogo kama kidole, dawa ya kutia masikioni. Nilizunguka nikanunua zote, duka baada ya duka, kila chupa kwa kupatana. Mwenye duka la mwisho akaniuliza kwetu kuna masikio mangapi. Nikamwambia tunakaa karibu na kinu cha kusagia. Kisha Monsenyeri akasema krisma inataka na harufu nzuri, zeri ya Mashariki, lakini sheria inaruhusu manukato mengine. Nikamletea chupa ya bluu, yale manukato ambayo wanawake wa Kashikishi walijipaka wakienda arusini, makali ya kumwamsha maiti. Akanusa, akafumba macho, akasema Mungu amenusa mabaya zaidi. Tukamimina mafuta yote kwenye chupa moja ya dawa, manukato nikayaweka kwenye mfuko wangu wa vitana.

Sasa ilibidi awe mchuuzi, mjomba wangu, na hapo ndipo woga wangu ulipopata sura. Nilimfundisha mle ghalani, kati ya magunia, mimi muuzaji na yeye mnunuzi. Nikataja bei ya kikapu. Akatia mkono mfukoni.

"Monsenyeri, hapana. Mutu analipa bei ya kwanza ni mutu ameiba ile feza, ao ni mutu wa serikali. Mutacheka kwanza."

"Na kama bei ni ya haki?"

"Bei ya haki njo ile ya tatu. Ya kwanza ni salamu tu."

Akacheka, si kicheko cha sokoni, lakini tukaendelea. Nilimfundisha kufungua matumbo ya samaki na kukunja uso hata wakiwa wazuri. Nilimfundisha kumsengenya samaki mbele ya mwenyewe. Na nilimfundisha jambo kubwa kuliko yote: ukikwama, mgeuzie muuzaji mgongo, tembea, usiangalie nyuma, atakuita. Hilo alilipenda. Alisema kwenye seminari walimfundisha kinyume.

Tuliondoka wiki moja kabla ya Wiki Kuu, asubuhi, ziwa limetulia kwa namna ambayo Ba Chola hakuipenda. Wachuuzi wote walipitia kisiwa cha Chisenga kununua kwenye kambi za wavuvi kabla ya kuvuka. Boti iliyopita kisiwa bila kusimama ilikuwa kama mtu anayepita nyumba ya msiba bila kutoa pole, ingeulizwa. Tukasimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mtoto anakohoa vibaya, akamwonyesha Monsenyeri kikapu chake na kutaja bei ya kichaa, bei ya kwanza kabisa, ili waanze. Nilikuwa hatua chache tu, naulizia chumvi kwa mvuvi mmoja. Nikageuka nikaona Monsenyeri anamtazama mtoto yule, na mkono wake unatoka mfukoni na kumpa mama feza zote alizotaja, bila hata kufungua samaki mmoja.

Pale ufukweni watu waligeuka kutazama. Mama yule hakufurahi. Alizishika zile feza kama mtu aliyepewa nyoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bamayo, ule mujomba yako ni mugonjwa?"

"Ni mugonjwa," nikasema. "Kichwa. Tunamupeleka kwao."

Hilo neno lilitoka kinywani mwangu mimi wa kwanza. Watu wakaguna kwa huruma, lakini upande wa pili wa kambi yule muuza betri wa mbele ya nyumba yetu alikuwa anakunja karatasi yake taratibu, betri moja moja, macho kwetu. Kulikuwa na boti nyingine yenye injini kubwa kuliko yetu. Aliingia humo. Njia yote kuvuka, Ba Chola alikazana na injini, nami nilihesabu vikapu, na Monsenyeri alikaa mbele na midomo yake ikitembea, na sikumzuia, kwa sababu mchuuzi yeyote angesali kama angejua tunachokwenda kukikuta.

Walikuwa wanatungoja majini hadi magotini: sajini mmoja mnene, serzha kama wanavyomwita kwao, aliyefunga kitambaa kichwani kama mwenye jino baya, askari wawili vijana wenye bunduki, na muuza betri pembeni amesimama kama mtu aliyepita tu. Wakapekua vikapu. Serzha akamtazama Monsenyeri toka viatuni hadi nywele, akamtazama muuza betri, kisha akaiwekea mkono injini yetu.

"Moteri inabaki. Ni ushuru ya Leta."

Nilielewa. Leta ni serikali yao, lakini hapa alikuwa anampima Monsenyeri. Mtu wa kawaida angelia, askofu angetoa. Monsenyeri aliitazama injini, kisha akatoa kicheko. Kilikuwa kibaya, cha mtu anayesongwa na mfupa, lakini kilikuwa kicheko.

"Hii moteri, shefu? Hii ni maiti. Inakohoa toka Chisenga. Utaibeba, itakufia. Twaa kikapu."

"Kikapu kimoja kwa moteri? Unanizarau?"

"Kikapu na tumbaku. Na samaki bako bazuri, sijui kama utabaweza." Akafungua samaki mmoja, akakunja uso kama nilivyomfundisha, akasahau kwamba sasa anawatoa yeye.

Serzha akapanda, yeye akapanda nusu, serzha akakataa. Nikaona Monsenyeri anafika mwisho wa alichojifunza, amebakiza somo moja. Akamgeuzia mgongo. Aliwageuzia mgongo watu wenye bunduki, akaanza kurudi botini polepole ndani ya maji, akimwambia Ba Chola washa tuondoke. Nilisikia bunduki ikikokiwa. Maskini Ba Chola, aliyefanya alichoambiwa, akashika kamba ya injini, na askari mmoja kijana akampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Monsenyeri alisimama. Hakugeuka. Maji yaligonga mbao za boti, yakagonga tena.

"Weye, muzee. Rudia," serzha akasema. Kisha akamgeukia muuza betri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotezewa muda. "Huyu njo ule hajui kupatana? Huyu angeuza mama yake mara mbili."

Injini waliichukua hata hivyo. Nilidhani tumemaliza. Ndipo askari wa pili akatoa ile chupa ya mafuta kwenye mfuko wangu. Nikasema ni dawa ya masikio. Serzha akafungua kitambaa chake, na kumbe halikuwa jino. Sikio lilikuwa limevimba kama andazi. Akainamisha kichwa, akamwambia Monsenyeri amtie. Mjomba mgonjwa wa kichwa akamshika kidevu serzha kwa mkono wa kushoto, kwa upole ambao hakuna mchuuzi ana upole ule, akamtia matone sikioni. Mafuta yakamchuruzika kwenye kidole gumba. Na kile kidole, kilichowapaka watoto wangapi sijui kipaimara, kikaanza kupanda peke yake kuelekea paji la uso wa serzha.

Nilimpiga mkono ule kwa nguvu zangu zote.

"Mujomba, unamwanga dawa yote! Kila tone ni feza."

Serzha akacheka, kichwa bado upande. Akasema huyu mutoto mwanamuke ni mubaya kupita weye, akaturudishia chupa. Muuza betri hakucheka. Alikuwa ameangalia kidole kile tangu kilipoanza kupanda hadi nilipokipiga, na bado alikuwa anakiangalia. Akafungua mdomo. Kisha akavua kofia yake, akajipepea nayo kama mwenye joto, akaondoka kwenda kutafuta betri zake. Mpaka leo sijui yeye alibatizwa jina gani.

Mapadri wawili walikuwa wanamngoja kwenye migomba juu ya ufukwe. Kabla hajapanda, alimrudia Ba Chola aliyekuwa anatema damu majini, akashindwa kuinua macho. Akasema, "Ba Chola, nimepatana bei na meno yako."

Ba Chola akajifuta mdomo. "Mukwai, Monsenyeri," akasema kwa heshima zote, "mulianzia chini sana."

Tulirudi kwa kasia. Lilikuwa moja, lile la chini ya boti, na tulipokezana mpaka mikono ikachubuka, tukifikiri kila wimbi ni injini yetu inatufuata. Wiki nzima hatukusikia kitu, na dada yangu alishika pindo la kitenge ambalo sasa lilikuwa tupu, maana pete alikuwa amemrudishia, imeshonwa ndani ya suruali. Pasaka ikapita. Kisha siku moja sokoni mchuuzi wa ng'ambo akaja kununua chumvi na binti yake wa miaka kumi na kitu, nikainama kumpimia, na nikasikia ile harufu kwenye paji la uso wa mtoto. Chupa ya bluu, manukato ya arusini. Nilisahau bei. Nilimpa yule mama chumvi bila kupatana, naye akanitazama kama mgonjwa.

Aliyebaki msaidizi alibaki msaidizi. Baada ya askofu mzee akaja mwingine, akaja mwingine tena. Wengine walisema Monsenyeri hakupewa jimbo kwa sababu alivuka na kurudi bila kuuliza mtu. Wakati ule ilikuwa salama kusema alikuwa mgonjwa, na tulilisema sote, sisi, mapadri, yeye mwenyewe. Walioogopwa wamekufa, redio zilizotumia betri zile zimekufa, lakini neno lile bado linaishi, na Jumamosi litasomwa mbele ya jeneza.

Ninavuka kwenda kumzika. Katekista anasema kutakuwa na nafasi fupi ya watu kutoa maneno, na kwamba nionane kwanza na wakubwa wa jimbo. Nimepanga hivi. Nitaanza na injini. Wakishtuka, nitaweka mbele yao meno ya Ba Chola, ambaye bado yu hai na atafungua mdomo wakitaka kuhesabu mapengo. Kisha usingizi wa dada yangu. Nitateremka polepole, na ikibidi nitawageuzia mgongo, mpaka tufike kwenye kile ninachokitaka tangu mwanzo: wafute neno moja, "mgonjwa", na badala yake waandike kwamba alirudi. Ba Chola ananikumbusha nisianzie chini. Lakini ni kanisani, maiti yupo, na mimi ni mwoga vilevile. Nyinyi mliowahi kudai kitu kwa Kanisa, nishaurini: injini moja inatosha kuanzia, au niseme mbili?